Jiko la mezani la mama

Mama yangu hawezi tena kuchuchumaa. Magoti yalianza kumsumbua taratibu, na sasa akikaa chini kabisa lazima watu wawili wamnyanyue. Kwa mtu aliyekulia Rungwe, huko ni kufukuzwa motoni. Moto wetu uko chini: mafiga yako chini, jiko la mkaa liko chini, vigoda vya kukalia havifiki hata magotini. Watu wanaota moto wameinama, viganja vimefunguliwa juu ya makaa, na mazungumzo yote ya maana ya nyumba yanafanyika hapo. Mama akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki, juu yetu sote, amejifunika vitenge viwili, joto linamfikia kwa mbali.

Tunaishi Mbeya, upande wa Uyole. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu ni juu zaidi kidogo. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna ule upepo unaoingia mara tu jua likizama, chai inapoa kabla hujafika nusu ya kikombe. Wanaoishi huku wanajua.

Julai ya mwaka juzi nilimkuta mama asubuhi ameketi kitandani, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kichefuchefu, miguu haina nguvu. Akasema ni malaria, nimtafutie dawa. Mdogo wangu ni muuguzi; nilipompigia simu hakuuliza habari ya homa. Aliuliza, "Mama alilala na jiko?" Nikachungulia chini ya dirisha. Jiko la mkaa lilikuwepo pale, limejaa majivu meupe, na kitambaa kimeshindiliwa chini ya mlango ili baridi isiingie.

Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Ikiingia kwenye mapafu inajishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anavuta pumzi vizuri kabisa huku mwili wake unakosa hewa. Kila msimu wa baridi mikoa ya nyanda za juu inazika watu kwa sababu hiyo, na asubuhi majirani husema walilala wazima. Sisi tuliponea mlango mbovu, ambao hata ukizibwa kitambaa una upenyo kwa juu.

Tulimwambia mama asirudie. Akasikiliza, akasema, "Sawa, wanangu." Ila nilimwona anavyolitazama lile jiko tulivyolitoa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini aliliingiza chumbani. Aliliingiza kwa sababu kule ndani angeweza kuliweka juu ya kiboksi, akaketi kitandani, na makaa yakawa sawa na mikono yake. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kufikiria moto wa mezani: chombo kidogo, kinachobebeka kwa mikono miwili, kinachokaa juu ya meza ya barazani, mama akiwa kwenye kiti chake na kila mtu amemzunguka.

Nilianza na zege. Nilikuwa nimeona picha za mabakuli mazuri ya zege yenye moto katikati, na saruji ilikuwepo nyumbani, imebaki ya ukarabati wa choo. Nikachanganya saruji debe moja kwa mchanga madebe matatu, lile debe dogo la kupimia unga, nikamimina katikati ya beseni kubwa la plastiki na beseni dogo lililopakwa mafuta ya kula. Siku ya pili nikatoa. Lilikuwa zuri kweli. Nikalianika juani siku mbili zaidi, nikaweka makaa ya moto, nikamwita mama aje aone.

Hazikupita dakika kumi. Ulisikika mlio mkavu, kama mtu amevunja ubao kwa goti, na kipande cha zege cha ukubwa wa sarafu kikaruka kikiwa na kaa limeng'ang'ania juu yake. Kikaangukia kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwenye miguu ya mama. Wa pili ukafuata, halafu wa tatu. Niliuzima ule moto kwa mchanga, mikono inatetemeka.

Fundi mwashi niliyemsimulia hakushangaa. Zege la siku nne, alisema, bado ni maji yaliyosimama. Kwa macho limekauka, lakini ndani vijitundu vyake vimejaa unyevu, na ndiyo maana mafundi hulihesabia siku 28 kabla ya kulibebesha mzigo wake kamili. Maji yale yakipata moto wa ghafla yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile iliyochukuliwa na maji yaliyouzaa. Pa kutokea hapana, basi unarusha kinachouzuia. Nikamuuliza, nikilisubiri siku 28 je? Akasema litachelewa tu kuharibika, kwa kuwa saruji ya kawaida inaanza kupoteza nguvu moto ukipita nyuzi 300, na makaa yaliyokolea yanapita nyuzi 700 bila taabu. Zege linafaa kuwa ganda la nje, mbali na moto. Akaongeza jambo ambalo nimewaambia watu wengi tangu siku ile: usizungushie moto mawe uliyookota mtoni. Yanalipuka kwa sababu hiyohiyo.

Baada ya hapo nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo, nikaenda kwa watu wanaoishi na moto. Sokoni Mwanjelwa nilimkuta mama mmoja muuza vyungu. Vyungu vya huku kwetu vingi vyatoka Ikombe, karibu na Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi wamefinyanga tangu enzi na enzi, na hadi leo vinasafirishwa kwa mitumbwi kupelekwa mnadani. Nilimweleza ninachotaka. Akanipa chungu kidogo nikishike, akapiga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, kikalia kama kengele. "Huu mlio ndio moto uliokwisha kupita," akasema. "Udongo wako ukilia hivi, hautakurukia usoni."

Alinifundisha mambo ambayo ningeyakosa hata ningehangaika mwaka mzima. Udongo mtupu wa mfinyanzi unapasuka ukikauka, kwa hiyo unachanganywa na kitu kisichosinyaa. Mchanga unafaa, na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikipondwa hadi vikawa kama chenga za mahindi, vinafaa zaidi kwa chombo cha kukaa na moto, maana vyenyewe vilishaungua na havina tena cha kupoteza. Alinipa vigae bure, nusu kiroba. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka kwamba Mnyakyusa gani anafinyanga.

Umbo nililichukua kwenye majiko yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, yale yenye udongo wa kuchoma ndani na bati nje, ambayo wazo lake lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Udongo unashika joto na kulirudisha kwenye makaa, bati linaupa udongo mwili wa kubebeka. Langu nilitaka liwe fupi na la wazi juu, watu waone moto.

Fundi bati alinikatalia bati jipya nililompelekea. Nilidhani anataka kuniuzia la kwake. Akaliweka kipande kwenye makaa ya kiwanda chake, tukatazama: ule mng'aro wa fedha ukageuka rangi, ukatoa unga mweupe na kamoshi kepesi. Ile ni zinki, inayopakwa kuzuia kutu, na inayeyuka kwenye nyuzi 420 tu. Mafundi wanaochomelea mabati wanaijua homa yake, unatetemeka usiku kucha kama mwenye malaria na kesho yake umepona. Sasa fikiria moshi huo uko mezani, umbali wa mkono kutoka usoni mwa bibi na wajukuu. Tukatumia bati la pipa la mafuta lisilopakwa zinki, ambalo yeye alikuwa ameshalichoma moto mkali kuondoa rangi na mabaki. Akalikunja duara la sentimita 26, urefu sentimita 18, akaweka ribiti, masikio mawili ya kushikia, na miguu mitatu. Miguu mitatu kwa sababu meza yoyote hata ikiwa na bonde chombo hakitikisiki, kama yalivyo mafiga. Alitoboa kidirisha kidogo chini cha kuingizia hewa na kutolea majivu.

Udongo nilioufinyanga mara ya kwanza ulipasuka kutoka ukingoni hadi kwenye kitako. Kosa lilikuwa haraka yangu. Niliuweka juani, ukauka nje kabla ya ndani, ngozi ikasinyaa huku mwili bado umevimba. Wa pili niliufunika gunia bichi, nikauweka stoo pasipo na upepo, kila siku mbili naugeuza na kulifungua gunia kidogo zaidi. Wiki tatu. Unene wa ukuta sentimita mbili na nusu, pote sawa, nilipima kwa njiti niliyoichonga alama. Na hili la unene sawa lina uzito: pale niliponenepesha kwenye ule wa kwanza, hapohapo ndipo ufa ulipoanzia.

Kuuchoma nilifanya nyuma ya nyumba, kwenye shimo, na yule mama muuza vyungu kwenye simu. Kwanza nyasi na vijiti, moto wa kupasha tu, masaa mawili, ili unyevu wa mwisho utoke kwa hiari yake. Kisha kuni juu na pembeni, maranda kuziba nafasi, moto ukapanda hadi udongo ukawa mwekundu ndani ya mwekundu wa makaa, hata huwezi kuona ukingo wake. Udongo ukishapita nyuzi 600 hivi haurudi kuwa tope hata uukalishe majini mwezi. Nikaacha upoe wenyewe mpaka kesho yake mchana. Sikuugusa, ingawa saa kumi alfajiri nilitoka na tochi kuutazama. Nilipoupiga kwa kifundo cha kidole ulilia. Nilisimama pale nikaupiga tena na tena, na mama akauliza kutoka dirishani kuna nini.

Kati ya udongo na bati nilishindilia majivu makavu, yaliyochekechwa, nafasi ya upana wa kidole gumba ukingoni nikiiziba kwa udongo uleule wenye vigae. Ndani nikaweka sahani ya udongo yenye matundu kumi na tisa ya kushikilia makaa. Chombo chote kilo 7 na kitu. Kijana wa miaka kumi na mbili anakibeba kikiwa baridi. Kikiwa na moto hakibebwi na yeyote, na hiyo sheria haina mkubwa wala mdogo.

Usiku wa kwanza mezani ulikuwa wa furaha mpaka nilipopitisha mkono chini ya ubao. Nilikuwa nimehangaika na joto la juu na la pembeni, na kumbe joto la chini ndilo lilikuwa linafanya kazi kimyakimya. Miguu ilikuwa mifupi, sentimita tatu tu. Kitambaa cha plastiki kilishaungana na meza, na mbao chini yake ilikuwa na duara la rangi ya kahawia, moto huwezi kuweka kiganja. Mbao ikipashwa hivyo siku baada ya siku inakauka na kubadilika, na siku moja inashika moto kwa joto ambalo jana iliwahi kulivumilia. Fundi akaongeza miguu ikafika sentimita nane, nikaweka sinia la chuma chini, na chini ya sinia kipande cha marumaru kilichokaa juu ya vigae vinne vidogo, ili hewa ipite kati yake na meza. Tangu hapo, nusu saa baada ya kuwasha, lazima mtu apitishe mkono chini ya meza. Kazi hiyo ni ya mjukuu wa kwanza na anaifanya kwa heshima zote.

Mpwa wangu alitaka tuachane na mkaa tutumie spiriti, eti haina majivu na miali yake inapendeza. Hapo nilikuwa mkali, na bado ni mkali. Mwali wa spiriti ni wa samawati, mwepesi, penye mwanga hauonekani kabisa. Mtu anadhani umezimika, anashika chupa aongeze, na mvuke unaotoka mdomoni mwa chupa unadaka moto ule usioonekana. Chupa inautema mbele kama mkuki, kwa aliyekaa ng'ambo ya meza. Desemba 2024 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwataka watu waache kabisa kutumia vyombo vya moto vya mezani vya kumiminia spiriti wazi. Ilihesabu vifo 2 na majeruhi wasiopungua 60 tangu 2019. Hao walinunua vyombo vilivyotengenezwa kiwandani. Nyumbani kwangu chupa ya spiriti inakaa kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Tunachochoma ni mkaa kwa joto la kudumu, na magunzi ya mahindi tukitaka miali. Magunzi ya msimu uliopita, makavu, mawili matatu kwa wakati, yanawaka kwa dakika chache na kuangaza nyuso za watu wote. Paini tumeiacha, utomvu wake unarusha cheche na kupaka masizi kwenye dari la baraza.

Nilidhani tumemaliza. Juni iliyofuata upepo ulikuwa mkali, nikafunga turubai pande mbili za baraza, nyumba ikiwa ukuta wa tatu. Palikuwa pazuri, pamenyamaza, hata taa ya kibatari haikutikisika. Saa moja baadaye mke wangu akasema kichwa kinamgonga. Nikasema ni uchovu. Kisha mama, ambaye hakuwa amezungumza kwa muda, akasema polepole kwamba na yeye kinamgonga, kama siku ile.

Kama siku ile. Niliruka nikakata kamba za turubai kwa kisu, sikusubiri kufungua fundo. Nilikuwa nimejenga chumba kuzunguka jiko lilelile nililolitengeneza ili mama atoke chumbani. Tulimtembeza uani, upepo ukimpiga, amefunikwa blanketi, hadi kichwa kikatulia, na mdogo wangu akaja na pikipiki kumwangalia. Sasa turubai ni upande mmoja tu, ule upepo unakotoka, na pande nyingine ziko wazi hata kama ni Julai. Anayehisi baridi anaongeza sweta.

Kuzima nako kunataka mtu wake. Maji hatumwagi, udongo wa moto ukipata maji baridi unapasuka. Tunafunika kwa mfuniko wa bati unaokaa barabara, tunaziba kidirisha cha chini kwa kipande cha kigae, makaa yanakosa hewa yanalala. Majivu yanasubiri mpaka kesho jioni, yanahamia kwenye kopo la chuma, kwa sababu niliwahi kuyatupa asubuhi kwenye ndoo ya plastiki na saa nne ndoo ikawa haina kitako. Jiko lenyewe linalala nje, kwenye ngazi, upande wa mbali na dirisha la mama. Yeye anaingia ndani na chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwenye soksi, moja ya miguu, moja ya magoti.

Jana jioni alikuwa amenyoosha mikono juu ya makaa, viwiko juu ya meza, anageuza hindi taratibu kwa ncha za vidole kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto. Mjukuu wake mdogo akamuuliza kwa nini jiko lina miguu mitatu. Mama akaacha kugeuza hindi, akamsogeza karibu, akaanza kumsimulia jinsi bibi yake yeye alivyokuwa akichagua mafiga, jiwe gani linakataliwa, na kwa nini lile la mtoni halikuruhusiwa kuingia jikoni.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hilo siku ya zege. Akasema, "Hukuniuliza, mwanangu," akarudi kwenye hindi lake.